Miaka Saba ya Kungoja: Familia ya Hochar na Mizabibu ya Bonde la Bekaa

Kaskazini mwa Beirut, kwenye mteremko wa mlima unaoitazama Bahari ya Mediteranea, umo mji mdogo uitwao Ghazir. Wanaosoma historia ya Kanisa wanaufahamu kwa sababu katika karne ya 19 mapadre Wajesuiti walikuwa na seminari yao hapo. Mwaka 1875 kazi yao ya elimu ilihamia Beirut, na ndiyo iliyozaa Chuo Kikuu cha Mtakatifu Yosefu. Wanaofuatilia habari za mizabibu wanaufahamu mji huo kwa sababu nyingine. Hapo, katika kasri la karne ya 18, familia ya Kikristo ya Hochar imekuwa ikitengeneza divai tangu mwaka 1930. Divai hiyo inaitwa Château Musar.

Jina Musar limetokana na neno la Kiarabu *mzar*, yaani mahali panapozuriwa. Msomaji wa Kiswahili atatambua mara moja kwamba neno hilo ni ndugu wa maneno yetu "kuzuru" na "ziara". Katika makala hii tunaizuru historia ya familia hiyo, kwa sababu inajibu swali linalozisumbua familia nyingi, hata zile zisizojua mzabibu unafananaje: urithi hutunzwaje pale ambapo nchi yenyewe inavunjika?

Nchi ya divai tangu kale

Lebanoni haikujifunza divai jana. Wafoinike, wenyeji wa pwani hiyo, waliisafirisha divai kwa merikebu hadi pande za mbali za Mediteranea karne nyingi kabla ya Kristo. Nabii Hosea, alipotaka kueleza jinsi Israeli atakavyostawi tena baada ya kumrudia Mungu, alitoa mfano wa divai ya Lebanoni, maana sifa zake zilijulikana na wasikilizaji wake (Hos 14:7). Huko Baalbek, ndani ya bonde la Bekaa, lingali limesimama hekalu la Kirumi linalohusishwa na Bakko, mungu wa divai wa wapagani. Ni mojawapo ya mahekalu ya Kirumi yaliyohifadhika vizuri kuliko yote duniani.

Nchi ilipokuwa chini ya utawala wa Waturuki Waosmani, utengenezaji wa divai ulipungua, lakini haukukoma. Wakristo waliendelea nao, hasa kwa ajili ya ibada, kwa kuwa Misa haiwezi kuadhimishwa bila divai. Sheria za Kanisa zinasisitiza jambo hilo hata leo: divai ya Ekaristi iwe ya asili, iliyotokana na tunda la mzabibu, na isiwe imeharibika (kanuni ya 924). Ndiyo maana mahali pengi mzabibu umefuata nyayo za wamisionari. Wasomaji wetu wa Dodoma wanaokumbuka mizabibu ya misioni ya Bihawana hawatashangaa kusikia kwamba mwaka 1857 Wajesuiti walianzisha shamba la mizabibu huko Ksara, katika Bekaa, kwa mbegu za mizabibu walizoleta kutoka Algeria. Shamba hilo la Ksara lilibaki mikononi mwa shirika hadi lilipouzwa mwaka 1973.

Kwa hiyo Gaston Hochar alipoanza kazi yake mwaka 1930, hakuwa mtu wa kwanza kulima mizabibu katika Bekaa. Jambo jipya aliloleta lilikuwa nia ya familia moja kuifanya kazi hiyo kuwa yake, kizazi baada ya kizazi.

Baba aliyeanza

Gaston alikuwa kijana wa miaka 20, aliyerudi nyumbani baada ya kukaa Bordeaux, jimbo la Ufaransa lenye sifa kubwa ya divai. Lebanoni ilikuwa wakati huo chini ya udhamini wa Ufaransa. Maofisa na askari wa Kifaransa waliokuwa nchini walikuwa wanunuzi wa kuaminika, na divai nzuri haikukosa mnywaji.

Hata hivyo, Gaston alifanya uamuzi ambao kwa macho ya kawaida ulikuwa na kasoro. Mizabibu yake ilikuwa Bekaa, bonde lililoko kiasi cha mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, lenye jua jingi, usiku wa baridi na udongo wa kokoto juu ya mwamba wa chokaa. Lakini divai yenyewe aliitengenezea Ghazir, upande wa pili wa safu ya milima ya Lebanoni. Inasimuliwa kwamba sababu yake ilikuwa mashaka juu ya mipaka. Taifa lilikuwa changa, na hakuna aliyeweza kuapa kwamba Bekaa ingebaki sehemu ya Lebanoni. Basi kila mwaka, msimu wa mavuno ukifika, zabibu zilipaswa kuvuka mlima kwa lori. Wakati wa amani hiyo ilikuwa safari ya saa chache tu. Baadaye, kama tutakavyoona, barabara hiyo ndiyo iliyoipima familia nzima.

Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia alipangiwa kazi Lebanoni mwanajeshi aitwaye Ronald Barton, mtu wa ukoo wenye mashamba ya mizabibu huko Bordeaux. Yeye na Gaston wakawa marafiki wa dhati, hata Gaston akampa mwanawe wa pili jina la Ronald. Jina hilo ni alama ya urafiki ulioanza vitani na kuvipita vita.

Ndugu wawili, kazi mbili

Mtoto wa kwanza, Serge, alizaliwa mwaka 1939. Alisomea kwanza uhandisi wa ujenzi, kisha akaenda Bordeaux kujifunza elimu ya divai chini ya walimu mashuhuri, akiwemo Émile Peynaud. Mwaka 1959 alianza kutengeneza divai ya nyumbani kwao. Aliweka sharti moja mbele ya baba yake: aachiwe kuifanya kazi hiyo kwa namna yake.

Sharti kama hilo limevunja familia nyingi. Baba aliyejenga kitu kwa jasho lake huona ugumu kukikabidhi angali hai, na mtoto aliyesoma huona ugumu kungoja. Gaston alikubali. Serge naye hakuutumia uhuru wake kwa pupa. Alitumia miaka 18 kutafuta namna bora ya kuchanganya aina tatu za zabibu nyekundu, yaani Cabernet Sauvignon, Cinsault na Carignan, mpaka mwaka 1977 aliporidhika.

Ronald, mdogo wake, aliyesomea sheria, alijiunga na kazi mwaka 1962. Yeye hakushika matangi wala mapipa. Alishika fedha na biashara. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na familia hii inaonekana kuuelewa msemo huo bila kuusikia. Ndugu hawa hawakugawana shamba vipande viwili, kila mmoja na chake. Waligawana kazi, na shamba likabaki moja.

Barabara iliyofungwa

Mwezi Aprili 1975 vita vya wenyewe kwa wenyewe vililipuka nchini Lebanoni. Viliendelea hadi mwaka 1990, na inakadiriwa kwamba watu wapatao 150,000 walipoteza maisha. Wakristo walipigana na Waislamu, Wakristo walipigana na Wakristo, Waislamu na Waislamu, huku majeshi ya nchi jirani yakiwa ndani ya ardhi hiyo hiyo. Mwanafamilia mmoja angeweza kutoka asubuhi kwenda kazini na asirudi, kwa sababu tu kitambulisho chake kilionyesha dini yake kwenye kizuizi cha barabarani.

Sasa ule uamuzi wa mwaka 1930 ukaonyesha gharama yake. Mizabibu ilikuwa upande mmoja wa mlima, matangi upande mwingine, na katikati palikuwa na vizuizi vya makundi yenye silaha. Zabibu nazo hazijui kungoja. Zikishachumwa, katika joto la Septemba, huanza kuchachuka zenyewe. Lori likikwama njiani siku mbili tatu, kinachofika si zabibu tena.

Mwaka 1976 hapakupatikana divai kabisa. Mwaka 1984 hali ilikaribia kuwa hivyo tena. Baada ya uvamizi wa Israeli wa mwaka 1982, eneo la kusini mwa Bekaa lilikuwa limegeuka mstari wa mbele kati ya majeshi ya Israeli na Syria, na mapigano ya milimani ya mwaka 1983 yaliifanya barabara kuu ya kwenda Beirut isipitike kwa usalama. Malori ya mwaka 1984 yalilazimika kuzunguka njia ndefu, na zabibu zilifika zikiwa zimekwisha kuanza kuchachuka. Divai ilitengenezwa, lakini familia haikuona vema kuiingiza sokoni wakati wake.

Miaka mingine yote ya vita mavuno yalifika Ghazir. Jengo lenyewe lilipata kushambuliwa kwa makombora, na maghala yake ya chini ya ardhi yaliwahifadhi watu wa jirani waliokimbia mabomu. Ni picha ya kutafakari: mama na watoto wameketi gizani kati ya chupa zinazongoja siku ambayo hakuna aliyekuwa na hakika kwamba ingefika.

Hesabu ya miaka saba

Ili kuelewa uzito wa jambo hilo, lazima tueleze namna divai hii inavyotengenezwa. Zabibu huchumwa kwa mikono, na kwa miaka mingi wavunaji wengi wamekuwa Wabedui wa bonde hilo. Zikifika Ghazir huchachushwa katika matangi ya saruji. Kila aina huwekwa peke yake. Baada ya miezi kadhaa divai huhamishiwa katika mapipa ya mti wa mwaloni kutoka Ufaransa, nayo hukaa humo kiasi cha mwaka mmoja. Mwaka wa tatu aina zote huchanganywa na kutiwa katika chupa. Kisha chupa hulazwa katika maghala ya chini kwa miaka mingine mitatu au minne. Ni katika mwaka wa saba baada ya mavuno ndipo divai nyekundu huuzwa.

Basi tufanye hesabu. Zabibu zilizovuka mlima mwaka 1983, chini ya milio ya bunduki, kwa utaratibu huo zingekuwa tayari mwaka 1990. Mtu aliyezileta hakujua kwamba 1990 ndio mwaka ambao vita vingekoma. Alijua tu kwamba kazi ya leo haitamletea chochote kabla ya miaka saba, katika nchi ambayo hakuna aliyethubutu kupanga mambo ya wiki ijayo. Mwenye duka anaweza kufunga vita vikianza na kufungua vikiisha. Mwenye mizabibu akikosa msimu mmoja, pengo hilo litaonekana baada ya miaka saba, na halizibiki kwa fedha yoyote.

Soko lenyewe lilikuwa limetoweka. Kabla ya vita, sehemu kubwa kabisa ya divai hii ilinunuliwa na Walebanoni wenyewe. Vita vilipowatawanya wanunuzi, Serge alichukua chupa zake akaenda kutafuta watu wapya ng'ambo. Mwaka 1979, katika maonyesho ya divai ya Bristol nchini Uingereza, mtaalamu Michael Broadbent wa nyumba ya minada ya Christie's aliionja na kuisifu hadharani. Tangu hapo jina la Musar likaenea. Mwaka 1984, mwaka ule ule wa mavuno yaliyoharibika njiani, jarida la Kiingereza la *Decanter* lilianza kutoa tuzo ya mtu wa mwaka, na wa kwanza kuipokea alikuwa Serge Hochar.

Je, ilistahili?

Msomaji makini anaweza kuuliza swali ambalo hatupaswi kulikwepa. Je, ni halali mtu kuhatarisha uhai kwa ajili ya zabibu? Kama lingekuwa lori la unga au dawa, tungeelewa. Lakini divai? Tena divai ambayo mtu maskini wa Beirut hangeweza kuinunua?

Swali hili ni zito, na heshima ya wafu wa vita vile haituruhusu kulijibu kwa wepesi. Uhai wa dereva mmoja ni mkubwa kuliko mavuno yote ya Bekaa. Hakuna teolojia itakayosema vinginevyo. Lakini yapo mambo mawili ya kupimwa upande wa pili wa mizani.

La kwanza ni kwamba shamba la mizabibu si mali ya mwenye jina lililoandikwa kwenye chupa peke yake. Wapo wavunaji, madereva, mafundi wa mapipa, wakulima wadogo wa jirani na watoto wao wote. Mwaka ambao mavuno hayachumwi, nyumba hizo zote hukosa mkate, na watu hao walikuwa wa dini zile zile zilizodaiwa kuwa haziwezi kukaa pamoja. Katika miaka ambayo mstari wa mapigano ulichorwa kati ya Mkristo na Mwislamu, kazi ya msimu mmoja iliendelea kuwaunganisha.

La pili ni kubaki. Vita viliwafanya Walebanoni wengi, Wakristo na Waislamu, kuihama nchi. Hatuwahukumu waliokimbia na watoto wao. Familia Takatifu nayo ilikimbilia Misri. Lakini nchi ambayo kila mwenye uwezo ameihama haiwezi kuponywa. Mtakatifu Yohane Paulo II alilitambua hilo. Mwaka 1997 alifika Lebanoni na kutia sahihi huko Harissa, si mbali na Ghazir, Waraka wa kitume uliotokana na Sinodi maalumu ya Maaskofu kwa ajili ya nchi hiyo. Jina lake kwa Kiswahili ni Tumaini Jipya kwa Lebanoni. Tumaini linahitaji watu wa kulibeba, nao lazima wawepo mahali. Mtu anayepogoa mzabibu mwezi Februari wakati mizinga inalia anasema kwa mkono wake kwamba anategemea kuwapo Septemba.

Mizani hiyo haimalizi swali. Dereva aliyevuka mlima usiku ana haki ya kuliuliza tena. Lakini inatuonyesha kwamba kilichobebwa na malori yale kilikuwa zaidi ya kinywaji.

Kizazi cha tatu

Vita viliisha, matatizo hayakuisha. Mwezi Julai 2006 vilizuka vita vingine kati ya Israeli na Hezbollah, wiki chache kabla ya mavuno. Tarehe 4 Agosti 2020 mlipuko wa bandarini uliharibu sehemu kubwa ya Beirut, wakati thamani ya fedha ya nchi ilikuwa tayari imeporomoka. Mavuno ya miaka hiyo nayo yalichumwa.

Serge Hochar alifariki tarehe 31 Desemba 2014, alipokuwa akiogelea baharini huko Mexico, katika mapumziko pamoja na familia yake. Kwa kawaida hicho ndicho kipindi ambacho nyumba nyingi zenye jina kubwa huyumba. Nyumba hii haikuyumba, kwa sababu makabidhiano yalikuwa yamefanyika mapema. Mwanawe Gaston, aliyepewa jina la babu yake, alikuwa ameingia kazini tangu miaka ya 1990, na mdogo wake Marc akamfuata baadaye. Tangu mwaka 1991 utengenezaji wa divai ulikuwa pia mikononi mwa Tarek Sakr, fundi asiye wa ukoo huo. Jambo hili nalo lina hekima yake. Kuna koo zinazodhani kwamba kuchukua mtu wa nje ni aibu, na kwa kuogopa aibu hupoteza vyote.

Mwaka 2006 mashamba hayo yalithibitishwa rasmi kuwa yanalimwa bila kemikali za viwandani, yakiwa ya kwanza nchini Lebanoni. Na sambamba na divai nyekundu, familia inaendelea kutengeneza divai nyeupe kwa zabibu mbili za kienyeji, Obaideh na Merwah, kutoka mashamba ya milimani. Gaston wa kwanza alijifunza Bordeaux, lakini mizabibu ya nchi yake hakuing'oa.

Urithi wa Nabothi

Maandiko Matakatifu yanasimulia habari ya Nabothi wa Yezreeli, aliyekuwa na shamba la mizabibu karibu na jumba la mfalme Ahabu. Mfalme alimpa bei nzuri, hata akamwahidi shamba lililo bora zaidi. Nabothi alikataa, kwa kuwa lilikuwa urithi wa baba zake, na kwa kukataa huko akauawa (1 Fal 21:1-16). Ahabu aliona kipande cha ardhi chenye bei. Nabothi aliona kitu alichokabidhiwa, ambacho yeye hakuwa wa kwanza kukishika wala hakupaswa kuwa wa mwisho.

Katika majimbo yetu mapadre wengi wanajua jinsi kilio cha msiba kinavyoweza kugeuka ugomvi kabla ya arobaini. Shamba la marehemu hukatwa vipande visivyomlisha mtu, au huuzwa lote kwa sababu hakuna anayemwamini mwenzake. Historia ya akina Hochar haitupi kanuni ya kutatua kila kesi. Inatupa mambo matatu ya kuzungumza mezani wakati baba na mama wangali hai: nani ataachiwa kufanya nini, nani atashika daftari, na je, tuko tayari kungoja matunda ambayo huenda yakavunwa na wengine?

Nao wanaoifurahia divai wakumbuke onyo la Yoshua bin Sira, kwamba ni uhai kwa mwenye kiasi na uchungu kwa asiye nacho (YbS 31:25-31). Chupa iliyongojewa miaka saba haikutengenezwa ili imalizwe kwa pupa.

Mwaka huu pia, Mungu akipenda, malori yatapanda mlima kutoka Bekaa. Zabibu watakazozipakia zitakuwa divai mezani baada ya miaka saba. Tuiombee Lebanoni amani, ili wakati huo uwakute wapandaji na watoto wao wangali nyumbani.